Ruzuku ya dharura imfikie mnunuzi wa mazao kabla mazao hayajaoza

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie ruzuku wanazopewa wenye biashara za kilimo na chakula pindi mlipuko wa maradhi unapotokea. Tangu Korona ipungue, mjadala umeshikilia swali moja: fedha zile ziliibwa au hazikuibwa? Ni swali la haki, na wakaguzi waendelee nalo. Lakini lipo jingine ambalo kwangu ni zito vilevile, na sijalisikia likiulizwa kwa sauti. Hata zile fedha ambazo hakuna aliyezidokoa, zilifika lini, na zilikuja kulipia kitu gani?

Mimi ni mhasibu wa kujitegemea. Wateja wangu ni wakusanyaji wa maziwa, wasindikaji wadogo wa mboga na matunda, wenye mashine za kusaga nafaka, wakamuaji wa mafuta. Hawana idara ya fedha. Wana daftari, simu, na mtu kama mimi anayepita mwisho wa mwezi. Mwaka 2020 na 2021 kazi yangu kubwa ilikuwa kuwajazia fomu za kuomba ruzuku, na kwa wachache waliopata, kuandika taarifa za matumizi. Ninayoyasema nimeyaona kwenye vitabu vyao vya hesabu.

Tukumbuke kwanza mambo yalivyokuwa. Shirika la Afya Duniani lilipotamka tarehe 11 Machi 2020 kwamba Korona imekuwa janga la dunia nzima, maghala ya nafaka duniani hayakuwa matupu. Mavuno yalikuwa mazuri na akiba ilikuwepo. Haikuwa kama mwaka 2008, mchele ulipopanda bei kwa kasi na nchi kadhaa zikazuia mazao yao yasitoke nje. Pamoja na hayo, mashirika ya Umoja wa Mataifa katika ripoti yao ya mwaka 2021 yalikadiria kwamba watu kati ya milioni 720 na milioni 811 walikabiliwa na njaa mwaka 2020, na kwamba watu bilioni 2.37 hawakuwa na uhakika wa kupata chakula cha kutosha, ongezeko la milioni 320 kwa mwaka mmoja tu. Chakula kilikuwepo na watu wakalala njaa. Mlaji alipoteza kazi, mfuko ukakauka. Na yule wa katikati, anayechukua mazao kwa mkulima na kuyafikisha kwa mlaji, akaishiwa nguvu.

Habari za mlaji wameziandika wengi. Mimi nataka kusema habari za huyu wa katikati.

Chukua kitabu cha mkusanyaji wa maziwa. Upande mmoja wako wanaomdai: wafugaji, ambao huwalipa kila wiki au kila wiki mbili, kwa kuwa mfugaji hawezi kungoja zaidi ya hapo. Upande wa pili wako anaowadai yeye: shule, hoteli, kantini za viwanda, wanaochukua mali leo na kulipa baada ya mwezi, pengine miwili. Biashara nzima inaishi ndani ya pengo hilo la majuma machache, na kinacholiziba ni mtaji mdogo wa kuzungushia. Shule na hoteli zilipofungwa, madeni ya upande wa pili yaliganda kwa siku moja. Upande wa kwanza haukuganda. Ng'ombe hakamuliwi kwa tangazo. Anakamuliwa asubuhi na jioni, na maziwa yasipopozwa ndani ya saa chache yamekwenda.

Nilikuwa na mteja mmoja aliyeendelea kuandika lita zote alizoletewa hata baada ya kushindwa kuzilipia. Safu ya malipo ilibaki tupu kuanzia mwisho wa Machi, jina kwa jina, kwa mwandiko uleule nadhifu wa siku zote. Halafu majina yenyewe yakaanza kupungua. Kwanza waliondoka wenye ng'ombe mmoja, kwa sababu hao ndio wasio na cha kuvumilia nacho. Kufikia katikati ya mwaka ukurasa uliokuwa ukijaa pande zote mbili ulikuwa na mistari ya kuhesabika. Hakuna aliyekuwa mgonjwa pale. Lori lilikuwa zima, mtambo wa kupozea ulikuwa mzima, wafugaji walikuwa na maziwa, na majirani walikuwa na watoto wa kuyanywa. Kilichokosekana ni fedha za kulipa maziwa ya Jumatatu ili ya Jumatano yaje.

Hali hii haikuwapata wadogo peke yao, wala nchi maskini peke yake. Marekani, pamoja na utajiri wake, wafugaji walimwaga maziwa mwezi Aprili 2020 kwa sababu za namna hiyohiyo: shule na mikahawa imefungwa, na kiwanda kilichozoea kufungasha kwa ajili ya mikahawa hakigeuki usiku mmoja kufungasha kwa ajili ya madukani. Mpakani Malaba, kati ya Kenya na Uganda, malori yalipanga foleni ya kilomita nyingi madereva wakingoja kupimwa. Mpango wa Chakula Duniani ulikadiria kwamba watoto wapatao milioni 370 walikosa mlo wa shuleni. Kila mlo ule ulikuwa na mtu aliyeuuzia shule unga, maharagwe, mafuta au maziwa, na nyuma yake mkulima. Shule ilipofunga lango, wote walifungiwa nje pamoja na mtoto.

Na hasara haiishii msimu huo. Mnunuzi akiacha kununua, mkulima hapati fedha za mbegu na mbolea. Asipopanda, msimu unaofuata ndio njaa yenyewe inayobisha hodi, wakati ambapo kila mtu anadhani hatari imepita. Ndiyo maana nasema kumwezesha mnunuzi aendelee kununua ni kazi ya kuzuia njaa, sawasawa na kugawa chakula.

Sasa tazama ruzuku zilivyokuja. Nyingi nilizozishughulikia zilitangazwa kwa jina la dharura, lakini masharti yake yalikuwa ya siku za kawaida. Mwombaji alete hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Aweke mchango wake mwenyewe, mara nyingine sawa na ruzuku yenyewe. Atumie kwanza fedha zake, kisha alete risiti arudishiwe. Na karibu kila mara fedha zilikuwa za mitambo na majengo. Ununuzi wa mazao, mishahara na mafuta ya lori viliandikwa waziwazi kwamba haviruhusiwi.

Hebu msomaji asome masharti hayo kwa jicho la mtu ambaye wateja wake wamefunga milango na wakulima wako mlangoni kwake. Anaambiwa atoe fedha kwanza, naye tatizo lake ni kwamba hana fedha. Anaambiwa achangie nusu, na ile nusu ndiyo iliyoganda kwenye madeni. Anaambiwa alete hesabu zilizokaguliwa, ilhali ada ya mkaguzi inazidi faida ya biashara yake ya mwaka. Wengi wa wateja wangu wadogo kabisa ni wanawake wasio na hati ya ardhi kwa majina yao, kwa hiyo hata benki iliyokuwa tayari kuwakopesha ule mchango ilikosa cha kushika. Waliobaki kwenye orodha ni wale wenye akiba, wenye ardhi, wenye mkaguzi. Siwaonei wivu, nao wanalisha watu. Lakini wao wangeweza kwenda benki.

Msindikaji mmoja wa mboga zilizokaushwa alivumilia mchakato wote huo, akashinda. Fedha zilitoka msimu wa pili ukiwa umekwisha, na kwa mujibu wa mkataba zilikuwa za kikaushio kikubwa. Kikaushio kilifika kikiwa kimefungwa ndani ya fremu ya mbao, karatasi ya nailoni bado mpya. Siku tulipokwenda kupiga picha kwa ajili ya taarifa ya mfadhili, vikaushio vyake viwili vya zamani vilikuwa vimelala bila kazi kwa kukosa mboga. Wakulima waliokuwa wakimletea walikuwa wameng'oa vitalu na kupanda chakula cha kula wenyewe, kwa kuwa yeye hakuweza kuwalipa kwa miezi. Taarifa ilitaka tuonyeshe uwezo mpya wa kukausha kwa siku. Tuliuandika, na ulikuwa wa kweli. Hapakuwa na kisanduku cha kuandika kilo ngapi za mboga zilinunuliwa.

Najua hofu ya mfadhili, na ni hofu halali. Fedha hizi ni za walipa kodi wa nchi fulani, na akizitoa mbele bila dhamana anaogopa zitayeyuka. Lakini nimekagua stakabadhi za kutosha kusema kwamba kulipia mitambo hakuzuii udanganyifu. Nimewahi kushika ankara tatu za kulinganisha bei, kutoka kwa wauzaji watatu tofauti kwa majina, zote zikiwa na makosa yaleyale ya tahajia. Mtambo mmoja wa bei kubwa ni mahali rahisi sana pa kuficha fedha. Kinyume chake, ununuzi wa mazao unaacha nyayo nyingi ndogo: hati ya mapokezi yenye uzito na tarehe, jina la mkulima, malipo yaliyopita kwenye simu yake saa na dakika fulani. Kughushi wakulima mia tatu, kila mmoja akiwa na simu inayoweza kupigwa na mkaguzi, ni kazi ngumu mno kuliko kughushi ankara tatu.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Ruzuku ya dharura itolewe kwa mafungu. Fungu la kwanza liwe dogo na lije mbele, litoshe kununua mazao ya majuma machache. Mnunuzi akileta hati za mapokezi na kumbukumbu za malipo kwa wakulima, fungu la pili lifuate ndani ya siku chache, na kadhalika. Asiyeleta, hapati tena, na hasara imeishia kwenye fungu moja dogo. Badala ya hesabu zilizokaguliwa, ikubaliwe taarifa ya miezi kumi na miwili ya akaunti ya benki au ya simu. Mhasibu yeyote mwenye macho ataijua biashara hai na iliyokufa kwa kusoma taarifa hiyo jioni moja. Na mchango wa mwombaji usiwe fedha taslimu: lori lake, chumba chake cha baridi na wakulima wake waliomwamini ni mchango tosha.

Hakuna jambo hapa lisilowahi kufanyika mahali. Mwaka 2015 Ebola ilipokuwa ikiitesa Guinea, Liberia na Sierra Leone, masoko yamefungwa na watu wanaogopa kufanya kazi pamoja mashambani, Benki ya Dunia ilitoa hadi dola milioni 15 za dharura kwa ajili ya tani 10,500 za mbegu za mahindi na mpunga kwa wakulima zaidi ya 200,000. Kilichonivutia ni kwamba mpango ule ulifungwa kwenye kalenda ya shamba: mbegu ziwahi upandaji wa Aprili. Mbegu ikifika Juni hiyo ni nafaka ya kula tu, na mpango wote umeanguka hata kama kila senti ina risiti.

Brazil nayo ina sheria ya mwaka 2009 ambayo wakati wa Korona ilitaka angalau asilimia 30 ya fedha ambazo serikali kuu inatoa kwa chakula cha shule itumike kununua kwa wakulima wa familia. Shule zilipofungwa, sheria nyingine ilipitishwa tarehe 7 Aprili 2020 kuruhusu chakula kile kigawiwe kwa familia za wanafunzi. Mnunuzi alikuwepo tayari, orodha ilikuwepo, fedha zilikuwa na mkondo wake; kilichobadilika ni mahali pa kufikisha mzigo. Utekelezaji ulitofautiana toka mji hadi mji, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa ndani ya mwezi mmoja tangu janga litangazwe.

Marekani ilitangaza tarehe 17 Aprili 2020 mpango wa dola bilioni 19 kwa kilimo: bilioni 16 malipo ya moja kwa moja kwa wakulima na wafugaji, na bilioni 3 za kununua mboga, maziwa na nyama ili vifungwe kwenye maboksi na kugawiwa kwa wenye shida. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayonihusu. Ilikuwa na dosari zake. Baadhi ya kandarasi zilikwenda kwa kampuni ambazo hazikuwahi kushughulika na chakula, na Bunge lao likahoji. Dosari hiyo inatufundisha jambo la kufanya mapema: huwezi kuanza kuwatafuta na kuwachunguza wanunuzi wa mazao siku ambayo masoko yamefungwa. Utawapa unaowajua, au waliowahi kufika.

Hata Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, IFAD, uliharakisha. Mwezi Aprili 2020 ulifungua dirisha la dharura kwa wakulima wadogo ukianza na dola milioni 40 zake, ukawaomba wahisani waongeze angalau milioni 200, na ukataja pembejeo, masoko, huduma za fedha na taarifa kwa njia ya simu kuwa ndiyo maeneo ya kusaidia. Masoko na huduma za fedha vimo humo waziwazi. Nasikitika tu kwamba kadiri fedha za wafadhili mbalimbali zinavyoshuka kupitia wasimamizi, washauri na kamati, neno soko linageuka kuwa semina ya soko. Wateja wangu walialikwa kwenye semina nyingi za mtandaoni mwaka ule, wakanunua bando kuzihudhuria. Walifundishwa kuandika mpango wa biashara wakati mzigo unachacha.

Sisemi mitambo haina maana. Chumba cha baridi, ghala kavu, kikaushio cha jua, hivi vinaokoa chakula kingi kinachopotea baada ya mavuno, na fedha za kuvijenga ziendelee kutolewa. Ila hizo ni fedha za maendeleo, zina mwendo wake wa polepole na zabuni zake, na ni sawa ziwe hivyo. Zisivalishwe joho la dharura. Fedha za dharura ziwe na mfuko wake na kanuni zake, zilizoandikwa na kutiwa saini wakati wa utulivu: nani anastahili, kiasi gani, nani anaidhinisha, na ni tukio gani linalofungua mfuko, kwa mfano amri ya kufunga shule au masoko. Biashara zichunguzwe na kusajiliwa sasa, na usajili uhuishwe kila mwaka. Siku ya amri, fungu la kwanza litoke bila kungoja kikao.

Sharti gumu liwepo, lakini liwe la maana. Anayepokea ruzuku aonyeshe bei aliyomlipa mkulima na mahali alipouza, kwa sababu wapo wafanyabiashara wanaonenepa pale chakula kinapoadimika, na fedha za umma zisiwasaidie kununua kwa bei ya kutupa na kuficha mali. Kampuni kubwa zenye dhamana zikopeshwe kwa riba nafuu, zisichukue fedha za bure kutoka kikapu kimoja na mwenye mashine moja ya kusaga. Na kipimo cha mafanikio kiwe kilo zilizonunuliwa, idadi ya wakulima waliolipwa, na siku ngapi zilipita kati ya mzigo kupokelewa na malipo kutoka. Takwimu hizo tatu zinatoka kwenye daftari la kawaida, hazihitaji mshauri.

Mashirika ya kitaaluma ya wahasibu yanaweza kusaidia hapa, na mimi niko tayari kuwa wa kwanza kujiandikisha. Kusoma taarifa za akaunti za biashara ndogo na kuzithibitisha kabla ya janga ni kazi tunayoweza kuifanya kwa ada ndogo, hata kwa kujitolea kwa zamu.

Kwako Mhariri, nina ombi. Tangazo jingine la ruzuku ya chakula litakapofika mezani kwako, kwa maradhi yoyote yatakayokuwa yamezuka, mwandishi wako asiishie kwenye jumla ya fedha zilizotengwa. Amuulize msemaji tarehe ambayo malipo ya kwanza yatamfikia mnunuzi wa mazao, kama fedha hizo zinaruhusiwa kununua mazao yenyewe, na kama mwombaji anatakiwa kutumia fedha zake kwanza. Kisha majibu hayo yachapishwe pamoja na jina la aliyeyatoa, na miezi mitatu baadaye mwandishi arudi kuuliza tena.

Wako,
Mhasibu wa kujitegemea wa biashara ndogo za chakula